Klara na Waya za Landrova

Kijiji kizima cha Mtinko kilijua kwamba Landrova la Calist lilinunuliwa kwa ng'ombe, na kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wa mkewe, Klara. Hakuna aliyewahi kulipinga hilo. Hata Calist hakulipinga, mpaka siku alipoona faida ya kulisahau.

Klara hakusoma. Kaka zake walipelekwa shule, wadogo zake wakapelekwa shule, yeye akapewa fimbo. "Wewe una miguu mizuri," baba yake alimwambia, "nenda na ng'ombe." Basi wenzake wakajifunza kuandika majina yao, naye akajifunza ni ng'ombe gani anayeongoza kundi na ni yupi mwizi wa mashamba ya watu. Ulipofika wakati wa kuolewa, baba yake, ambaye huenda roho ilikuwa imeanza kumsuta, alimkatia sehemu ya kundi alilolichunga. "Chukua," alisema. "Hii ndiyo shule yako." Klara akaenda kwa mumewe na shule yenye pembe na mikia.

Shule hiyo ilizaa, ikaongezeka, na siku moja Calist, ambaye alikuwa amejifunza udereva kwa mkandarasi wa barabara, akamshawishi waiuze. Wakaiuza. Likaja Landrova kuukuu, pikapu, rangi ya majani makavu, la petroli. Kadi ikaandikwa jina la Calist kwa sababu ndiye aliyekwenda mjini kulichukua. Klara alibaki nyumbani kupika chakula cha kulipokea.

Kwa miaka mingi gari lile liliwabeba. Lilibeba magunia ya alizeti na mtama, lilibeba mbuzi wa mnadani, maharusi, wagonjwa, na mashudu kutoka kwenye mashine za kukamulia mafuta. Stata yake ilikufa mapema na haikufufuka, kwa hiyo kila asubuhi lilisukumwa. Wanaume wakisukuma, mtu wa kushika usukani alikuwa Klara, kwa kuwa Calist alisema mkewe ni mwepesi na yeye ana nguvu za kusukuma. Klara alijua kukanyaga klachi, kuweka gia ya pili, kusubiri gari lichukue mwendo, na kuachia mguu pale pale panapotakiwa. Injini ikishaunguruma, Calist alikuja mlangoni akipangusa mikono, akasema, "Shuka." Naye akashuka. Hakuwahi kuambiwa hata siku moja, "Endelea kidogo, mama Dina, nami nipumzike."

Kilichowaharibia ni waya za plagi. Ni waya nne nene, zenye ngozi ya mpira, zinazotoka kwenye distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa moto, na kuupeleka moto huo kwenye plagi nne za injini. Ikifa waya moja gari linamisi, linakohoa na kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Zikifa zote halisemi neno. Na waya za Landrova lile zilianza kufa ovyo. Calist ananunua mpya, anazifunga, baada ya muda mfupi zimemomonyoka. Ananunua nyingine, mambo ni yale yale. Alikuwa fundi wa kujifunza kwa kuchungulia, na hakupenda kuulizwa maswali. Akatafuta mkosaji. Akampata jikoni.

"Mwanamke huyu anakula waya zangu," aliwaambia wenzake kwenye kilabu cha pombe. Mara ya kwanza ulikuwa mzaha, wakacheka. Alipourudia, waliocheka walikuwa wachache. Mwisho likawa neno zito linalotembea lenyewe, kwa sababu kwenye vijiji vile mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu ya moshi hahitaji kusemwa sana kabla ya kuitwa mchawi. Wanawake aliokuwa akisuka nao vitunga, vile vikapu vya nyasi, walianza kukumbuka kazi nyingine kila alipokaa. Mtoto wa jirani alikatazwa kupokea mhogo wake. Binti yake Dina, ambaye ameolewa huko Mkalama, alipiga simu akilia: habari zilikuwa zimemfikia mpaka ukweni.

Baada ya kumpaka matope hayo, Calist akahama. Alikwenda Mandewa, Singida mjini, kwa mwanamke ambaye Klara hajawahi kulitaja jina lake na hana nia ya kuanza. Alichukua sanduku la spana, hendeli ya kuwashia gari, redio na godoro zuri. Watu walimwuliza gari je.

"Nimemwachia," alisema kwa sauti, ili wa mbali nao wasikie. "Afugie kuku."

Klara akafugia kuku. Angefanya nini? Walitaga chini ya usukani, wakalala juu ya kiti cha dereva, na kila asubuhi aliingiza mkono kutafuta mayai pale alipokuwa akikanyaga klachi.

Mwaka huu, alizeti ilipokwisha kuvunwa, Calist akarudi. Alikuja na trekta la kukodi na mnyororo mnene, na dereva wa trekta, kijana wa Ilongero aitwaye Leonard. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita wilayani, na yule mwanamke wa Mandewa alikuwa anataka nyumba ipigwe plasta. Leonard alipoanza kufunga mnyororo, Klara alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaenda akakaa juu ya boneti. Alikaa tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mama Dina, shuka," Calist akasema.

Neno lile lile. Klara alimtazama, akakaa vizuri zaidi.

Ngurumo ya trekta iliwaleta majirani, na baada yao Mzee Hosea, baba mdogo wa Calist, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Watu wote walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akilizunguka gari na fimbo yake, akichungulia kuku.

"Hili mnalipeleka wapi?"

"Kwenye chuma chakavu, baba. Limeoza."

"La nani?"

"Langu. Kadi ina jina langu."

"Na ng'ombe walikuwa na jina la nani?" Klara akauliza kutoka juu ya boneti.

Leonard alicheka, akajifanya anakohoa. Calist alipandwa na hasira, na hasira yake siku zote ilikuwa na maringo ndani yake. Aligeukia watu waliokusanyika. "Sikilizeni. Gari ni la mtu anayeweza kuliendesha. Huyu anasema lake? Haya, aliendeshe. Siku ya mnada likifika uwanjani kwa moto wake lenyewe, bila kuvutwa, achukue, na kadi nitamkabidhi mbele ya baba. Likishindwa, ninalivuta siku hiyo hiyo, na nisisikie kelele za mtu."

"Umesema, au umecheua?" Mzee Hosea akauliza.

"Nimesema, baba."

"Mnada ujao. Tumesikia sote." Mzee alimgeukia Klara. "Nawe umesikia, mkwe wangu?"

"Nimesikia, baba."

Calist alipokuwa anapanda trekta akaongeza, "Lakini liwashwe kwa moto wa injini, sio kwa madudu yake!" Baadhi ya watu walitazama chini. Hakuna aliyemkemea. Klara aliwahesabu wote waliotazama chini na kuwaweka moyoni, kila mtu mahali pake.

Kesho yake aliwahamisha kuku na kufungua boneti. Ndani kulikuwa na kiota cha panya, kikubwa, kimejengwa kwa nyasi na vipande vya mashudu. Waya za mwisho alizofunga Calist zilikuwa bado zimening'inia. Klara alizishika moja moja. Meno ya panya yalionekana wazi, mistari midogo kama ya mtu aliyejaribu ncha ya kisu. Hapo hakushangaa, panya yuko kila mahali. Kilichomsimamisha ni kwamba walikula miisho tu, karibu na zile kofia za mpira zinazofunika plagi. Katikati ya waya hapakuguswa.

Alikaa kwenye bampa akafikiri. Mpira ni ule ule. Kwa nini mwisho uwe mtamu na katikati pasiwe patamu?

Ndipo sauti ya Calist ikamjia kutoka miaka ile, akiwa ameinama kwenye injini, amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka: "Mama Dina, lete mafuta." Kofia zile hubana, hazitaki kuingia kwenye waya. Calist alikuwa akichovya vidole kwenye kikombe cha mafuta ya alizeti kutoka jikoni, anapaka miisho, kofia inateleza, inaingia. Nyumba gani ya Singida haina mafuta ya alizeti? Yapo, hayanunuliwi, yanateleza. Na ni Klara mwenyewe aliyekuwa akiyaleta.

Alikata vipande viwili vya waya ile kuukuu. Kimoja alikiosha kwa sabuni ya mche mpaka kikalia chini ya kidole, kingine akakipaka mafuta. Akaviweka stoo, nyuma ya magunia. Asubuhi kipande cha mafuta kilikuwa kimeliwa mpaka shaba inaonekana. Cha sabuni kilikuwa vilevile alivyokiacha.

Klara alicheka peke yake mpaka kuku wakaruka. Miaka yote ile mwanaume alikuwa akiwaungia panya chakula, kisha anakwenda kilabuni kumtafuta mchawi! Baada ya kicheko alilia kidogo, kisha akanawa uso. Hakwenda kumweleza mtu. Nani angemwamini? Neno lake kijijini lilikuwa limeshuka mpaka chini. Gari likitembea litasema lenyewe.

Alipima. Alichuma nyasi ndefu zile anazosukia vitunga, akachukua mmoja kwa kila waya, akaupitisha kuanzia kwenye tundu la distributa hadi kwenye plagi yake, akiuzungusha mbali na bomba la moshi ambalo huwa jekundu kwa joto, na mbali na mwenzake, maana waya zikilaliana moto huhamia kusikotakiwa. Palipoishia, akafunga fundo. Kila unyasi akaufunga uzi wa rangi yake, na uzi wa rangi hiyo hiyo akaufunga kwenye tundu na kwenye plagi, kabla hajazing'oa waya za zamani. Kitunga nacho husukwa hivyo: ukivunja mfuatano wa rangi, hata kama mkono wako ni hodari, umeharibu.

Siku ya pili akapanda bodaboda, akapita Ilongero hadi mjini, amepakata kitunga kikubwa kipya. Duka la spea alilolijua lilikuwa la Idrissa, mtu mnene, mpole, ambaye humwita kila mwanamke mama hata awe mdogo kwake.

"Waya za plagi za Landrova la zamani? Mama yangu, seti yake sijaiona siku nyingi. Hizi nilizo nazo ni za magari madogo, hazitafika."

"Huna za kukata?"

Idrissa akamtazama vizuri. "Ninazo. Roli la waya hilo hapo, linakatwa kama kamba. Vichwa vya shaba vya kubana kwenye miisho vipo, na kofia za mpira zipo. Lakini lazima fundi azibane. Umekuja na fundi?"

"Nimekuja naye. Amevaa khanga."

Idrissa akacheka mpaka akashika meza. "Haya fundi, nikukatie urefu gani?"

Klara akatoa zile nyasi kwenye pindo. "Huu, na huu, na huu, na huu. Kila mmoja uongeze upana wa kiganja. Mkono wa mtu hukosea."

Mke wa Idrissa, aliyekuwa amekaa nyuma ya duka, hakuona waya wala nyasi. Macho yake yalikuwa kwenye kitunga. Hapo mazungumzo yakawa rahisi. Klara alirudi Mtinko bila kitunga, na waya zimeviringwa ndani ya khanga kama nyoka waliolala.

Plaizi, koleo la kubania, aliazima kwa Mathayo, fundi baiskeli wa pale njia panda. Mathayo aliishika plaizi yake muda kidogo kabla ya kuiachia.

"Mama Dina, isije ikarudi imegeuka nyoka."

"Ikigeuka itakusaidia kupaka gundi ya solusheni," Klara akamjibu, "maana pancha zako hazishiki." Waliokuwa wanasubiri baiskeli zao wakaangua kicheko, na Mathayo naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mchana kweupe, mlango wazi, apite atakayepita. Alikata ngozi ya mpira kwa kisu, upana wa ukucha, polepole, akiuzungusha mkono ili asikate nyuzi za shaba za ndani. Zile nyuzi akazikunja nyuma zilale juu ya mpira. Akachukua kichwa cha shaba, kitu kidogo chenye masikio mawili, akakivika juu yake, akakibana kwa plaizi kwa nguvu zake zote. Kikalala bapa, kizuri machoni. Akavuta. Kikatoka mkononi mwake kama jino la mtoto.

Tena, alipotazama, alikuta ameisahau kofia. Kofia huvikwa kwanza. Kichwa kikishabanwa haipiti tena. Klara alijitukana kwa Kinyaturu, tusi ambalo mama yake alikuwa akiwatukania mbuzi, akakata ule mwisho ulioharibika. Kile kiganja cha ziada kilianza kufanya kazi yake.

Mara ya pili alivika kofia kwanza, kwa povu la sabuni, akalifuta mpaka likakauka. Akakitazama kile kichwa cha shaba na masikio yake. Plaizi ilikuwa inayalaza masikio, nayo hayakutakiwa kulala. Yalitakiwa yajikunje, yaingie ndani, yaume. Mkunjo huo aliujua. Ndio mkunjo wa ukingo wa kitunga, pale unyasi unapoingizwa ndani ya wenzake ili usifumuke. Akaenda kuleta sindano yake nene ya kusukia. Akalipinda sikio moja kwa ncha ya plaizi, akalipinda la pili, akailaza sindano katikati, kwenye mstari yanapokutana, na juu yake akagonga kwa jiwe dogo. Taratibu. Tena. Masikio yakajikunja, yakazama kwenye mpira.

Akafunga mwisho mmoja wa waya kwenye nguzo ya nyumba, akashika kile kichwa kwa plaizi, akaegemea nyuma kwa uzito wote wa mwili wake. Nguzo ikalia. Kichwa hakikutoka.

Klara alikaa chini, akapumua. Tangu Calist ahame, kilikuwa kitu cha kwanza kumtii.

Miisho mingine akaibana vivyo hivyo, na kila mmoja akauvuta kwenye nguzo. Alipomaliza akasugua waya zote kwa pilipili kichaa iliyotwangwa, hasa pale karibu na kofia. Panya akitaka, aonje. Akasafisha plagi kwa msasa, akamimina petroli mpya, na siku ya mnada asubuhi akang'oa betri ya sola iliyokuwa ikimwashia taa nyumbani, akaifunga kwenye gari. Hakuwa amelijaribu. Hendeli ilikuwa Mandewa, stata ilikufa zamani, na hakuna mwanaume wa Mtinko aliyekuwa tayari kumsukumia gari mtu aliyesemwa. Kama alikuwa amekosea waya moja tu, angekosea mbele ya kila mtu.

Na kila mtu alikuwepo. Waendao mnadani walisimama na mbuzi wao. Wale wasuka vitunga walikaa pamoja chini ya ukuta wa nyumba ya jirani, wamebetua midomo. Calist alifika na trekta la Leonard, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akamwamkia baba yake mdogo, kisha akaenda moja kwa moja kufungua boneti.

"Heee!" akasema. "Njooni muone mapambo! Mpaka nyuzi za rangi! Mama Dina, hili ni gari au bibi harusi?"

Watu wakacheka.

"Na hizi waya umezibana na nini? Na meno?"

"Wewe si ulisema huwa nazila?" Klara akajibu kutoka kwenye usukani. "Nimezitapika."

Safari hii watu walicheka zaidi, na kwa upande mwingine. Calist hakukipenda kicheko hicho. "Ngoja niwaonyeshe kazi ya mwanamke," akasema, na akapenyeza vidole viwili ndani ya kofia, akakamata kichwa cha waya ya kwanza kwa mkono mmoja, waya yenyewe kwa mkono wa pili, akavuta.

Hakikutoka.

Akajisogeza, akaweka mguu kwenye bampa, akavuta tena, uso umejaa damu. Kofia ikachomoka kwenye plagi, waya ikamfuata, Landrova likayumba juu ya springi zake, lakini kichwa na waya vilikaa pamoja kama ndugu. Leonard, juu ya trekta, akapiga mluzi. Calist akapangusa kijasho kwa mkono, mkono ukagusa jicho, na pilipili kichaa ikamsalimia.

"Irudishe ulikoitoa," Klara akasema. "Ina uzi mwekundu. Itie penye wekundu."

Calist, jicho moja limefumba, akairudisha.

Ikabaki kusukuma. Wanaume walitazama viatu vyao. Klara alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo: kwamba wangeweza tu kusimama pale, wasiliguse gari, na mambo yakawa yamekwisha.

Mzee Hosea akaiegemeza fimbo yake ukutani. Akaenda nyuma ya gari, mzee yule, akaweka viganja vyake viwili kwenye bati, akainama.

Sasa kuna jambo moja ambalo mwanaume wa kule hawezi kulifanya hata akichukiwa vipi, nalo ni kusimama pembeni gari likisukumwa. Liwe la adui yake, liwe la mpita njia, ataweka mkono. Asipoweka, atasemwa mpaka kwa wajukuu. Na mzee akiwa ameshainama! Wa kwanza kukimbia alikuwa Mathayo, akafuatiwa na wenye mbuzi, kamba wamewashikisha wake zao. Leonard akaruka chini kutoka kwenye trekta. Nyuma ya Landrova pakajaa migongo. Alibaki mtu mmoja tu amesimama, shati jeupe, akifikicha jicho.

"Calist!" Mzee Hosea akaita bila kuinua kichwa. "Wewe ni mgeni wa wapi, gari linasukumwa umekunja mikono?"

Hakuwa na pa kwenda. Akaja. Hakukuwa na nafasi isipokuwa katikati kabisa, juu ya bomba la moshi, na hapo ndipo alipoweka mikono yake.

"Moja! Mbili! Haya!"

Gari likanyanyuka kutoka kwenye mashimo ambayo tairi zake zilikuwa zimeyachimba. Klara akasubiri. Gia ya pili. Hofu ikamtangulia, akaachia klachi mapema. Gari likaruka, likakohoa mara moja, likasimama.

"Si nilisema!" Calist akapiga kelele kutoka nyuma.

"Sukuma wewe!" wenzake wakamjibu kwa pamoja.

Mbele kulikuwa na mteremko wa kwenda kwenye korongo. Klara akajiambia: nimelikanyaga gari hili kila asubuhi ya ujana wangu, leo nini? Likachukua mwendo. Akaacha lichukue zaidi. Akasikia miguu ya watu inaanza kukimbia. Hapo, pale pale panapotakiwa, akaachia.

Landrova likapiga chafya. Likapiga ya pili. Kisha likaunguruma, si kwa kumisi, si kwa kutetemeka, likaunguruma kwa sauti yake yote ya zamani, likaruka mbele kama ng'ombe aliyechokozwa na nyuki. Manyoya ya kuku yakafumuka kila upande. Moshi mweusi wa miaka ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, na Calist, ambaye uzito wake wote ulikuwa kwenye bati ambalo halikuwepo tena, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi la barabara.

Klara aliyaona hayo kwenye kioo. Alikitengeneza kioo ili ayaone vizuri zaidi.

Hakuna aliyemwambia shuka. Aliendesha hadi mnadani, mguu mmoja juu ya pedali ya mafuta, watoto wanakimbia pembeni, mbuzi wanatawanyika, akauzunguka uwanja wote, zizi la ng'ombe, wauza nguo, wachoma nyama, akauzunguka tena bila sababu yoyote isipokuwa kwamba alitaka. Leseni angeitafuta baadaye. Aliposimama hakuzima injini. Alifungua boneti, akatoa mfukoni kile kipande cha waya kilicholiwa, akakipitisha mkono kwa mkono.

"Baba," alimwambia Mzee Hosea alipofika akihema, "uliza nani alikuwa anakula waya."

"Nani?"

"Panya. Na mpishi wao ni mwanao. Alikuwa anazipaka mafuta ya alizeti ili kofia ziteleze. Mafuta yangu, kutoka jikoni kwangu."

Mzee alikinusa kile kipande, akagusa zile alama za meno kwa kidole, akampa Mathayo. Mathayo alikiangalia muda mrefu. "Mimi pia huwa napaka hayo kwenye waya za breki," akasema polepole, na watu wakaanza kumcheka yeye, na kicheko kile kilipoenea uwanjani ule uzito uliokuwa umemkalia Klara miaka yote ukapungua, ingawa haukwisha. Wale wasuka vitunga walikuja mmoja mmoja. Mmoja alimwuliza kama kesho atasuka. "Nitaona," Klara alisema. Alitaka wangoje kidogo, kama yeye alivyongoja.

Kadi Calist aliileta mwenyewe, shati limekuwa rangi ya udongo. Alimkabidhi mbele ya baba yake mdogo bila kumtazama. Klara aliishika juu chini. Hakujua kusoma, lakini aliijua. Akaikunja, akaiingiza kifuani.

Jua lilipoinama, Landrova lilijaa. Wamama na mizigo yao, mbuzi, gunia la chumvi, wote wa kurudi njia moja. Leonard alikuwa amepata mzigo wa mtu mwingine na trekta lilishaondoka zamani. Calist akasogea kwenye dirisha la dereva, akasimama pale ambapo zamani alisimama akipangusa mikono.

"Mama Dina. Unapita njia panda?"

Klara alimtazama vya kutosha. Hakumsamehe, hiyo haikuwa siku yake, na huenda haitakuja. Lakini gari la abiria ni gari la abiria.

"Panda nyuma," akasema. "Wasogeze mbuzi."

Akapanda. Barabarani, kelele za wanawake na mbuzi zilikuwa nyingi, lakini walipofika njia panda Klara alisikia vizuri mkono wa Calist unagonga bati la kichwa cha gari, ngo ngo ngo, kama abiria anavyogonga akitaka kushuka. Alisikia. Akaacha lipite kidogo, hadi baada ya kibanda cha Mathayo, ndipo akakanyaga breki.